Mwalimu Mtoro wa Bagamoyo Katika Darasa la Berlin



Katika mkutano wetu uliopita hapa Pito, baada ya chakula cha mchana na kabla ya hotuba, niliketi barazani pamoja na vijana wanne wa kidato cha tatu. Wazee tunapokutana na vijana huwa tunauliza habari za masomo, nao hutujibu habari za walimu. Wakanisimulia juu ya mwalimu wa mazoezi aliyekuwa amewafundisha kwa wiki kadhaa. Alikuwa kijana wa Pwani, mwanachuo wa ualimu. Alifika mwezi wa Juni akiwa amevaa shati la mikono mifupi, maana hakuna aliyemwambia kwamba Ufipa kuna baridi. Siku ya pili alikuja darasani amejifunika shuka juu ya koti. Ugali wa ulezi ulimshinda. Tena, kama wageni wengi wanaopangiwa kuja Sumbawanga, alikuwa amejazwa hofu njiani kwa sababu ya jina la mji, na wavulana wawili watatu wakaona ni mchezo mzuri kumwongezea hofu hiyo kwa hadithi za usiku.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba walimcheka Kiswahili chake. Aliwaambia "nshawaeleza" na "hamjambo nyie", na nyuma ya darasa kukawa na mwigizaji aliyeyarudia maneno hayo kwa sauti ya puani. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha anachekwa lugha yake na watu walioipata shuleni! Walisema kuwa kufikia wiki ya tatu mwalimu yule aliacha kabisa kuuliza maswali. Akawa anageukia ubao, anaandika mpaka kengele inalia, kisha anaondoka.

Nikawauliza kama waliona ni sawa. Mmoja wao, kijana mwerevu na mwenye adabu, akanijibu kwamba mgeni ndiye apaswaye kujizoeza na wenyeji, wala si wenyeji kujizoeza na mgeni. Kengele ya hotuba ikalia, nami sikupata nafasi ya kumjibu. Mhariri ameniomba makala ya historia, kwa hiyo nitamjibu hapa kwa njia ya historia.

Kwanza nikiri kwamba hata sisi wakubwa hatuna usafi. Kaka zetu waliosoma katika miaka ya 1960 watakumbuka vijana wa Kimarekani na Kiingereza waliokuja kufundisha katika shule za sekondari za nchi hii. Mwaka 1961 ulianzishwa mpango ulioitwa Teachers for East Africa, uliosimamiwa na Chuo cha Ualimu cha Columbia kule New York, kwa sababu shule za Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa zinaongezeka na walimu walikuwa hawatoshi. Wale waliokuwa na shahada lakini hawajasomea ualimu walipelekwa kwanza Makerere, wakafanya mafunzo na mazoezi ya kufundisha huku huku Afrika ya Mashariki. Walikuwako pia wale wa Peace Corps, ambao kundi lao la kwanza Tanganyika lilikuwa la wapima ardhi, wanajiolojia na mainjinia, wakafuata walimu, na shughuli zao zikakoma mwaka 1969.

Marehemu kaka yangu alifundishwa na mmoja wa vijana hao. Alinisimulia kuwa mwalimu yule alikasirika sana juma la kwanza kwa sababu kila alipomwuliza mwanafunzi swali, mwanafunzi alitazama chini. Kwao mtu anayetazama chini anaficha jambo. Kwetu mtoto anayemkazia macho mkubwa wake hana malezi. Ikapita karibu nusu ya muhula kabla mpishi wa shule, ambaye hakuwa amesoma hata darasa moja, hajamweleza maana yake. Kaka yangu aliniambia kwamba darasa zima lilikuwa linajua chanzo cha hasira ya mwalimu tangu siku ya kwanza, lakini hakuna aliyetaka kusema, kwa maana hasira ile ilikuwa inafurahisha.

Hata hivyo wale walikuja huku na nguvu ya mataifa yao ikiwa nyuma yao. Mwalimu ninayetaka kuwaeleza habari zake alikwenda upande wa pili, kutoka kwetu kwenda kwao, tena katika wakati ambapo kwetu kulikuwa kumekwisha kuchukuliwa na hao hao aliokwenda kuwafundisha.

Wajerumani waliitangaza sehemu hii ya Afrika kuwa chini ya himaya yao mwaka 1885. Mwaka 1887 wakaanzisha mjini Berlin chuo cha lugha za nchi za Mashariki, ambamo Kiswahili kilifundishwa pamoja na Kiarabu, Kituruki, Kichina na nyingine. Wanafunzi walikuwa maofisa wa jeshi, watumishi wa serikali, wamisionari na wafanya biashara waliokuwa wanajitayarisha kuja huku. Mpango wa chuo ulikuwa hivi: profesa Mjerumani alifundisha sarufi, na pembeni yake akawekwa mwenyeji wa lugha, afundishe matamshi, mazungumzo, na kusoma barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikitumika Pwani. Mwalimu wa kwanza wa Kijerumani alikuwa Büttner, mmisionari wa zamani. Wenyeji wa lugha wa mwanzo walitoka Unguja: Sleman bin Said, kisha Amur bin Nasur, aliyefundisha tangu mwaka 1891 hata 1895 na kuandika habari ya safari yake kutoka Unguja mpaka Berlin. Baada ya Büttner kufariki mwaka 1893, somo likaja kushikwa na Carl Velten, aliyekuwa amefanya kazi ya ukalimani katika serikali ya Kijerumani Dar es Salaam.

Ndipo mwaka 1900 akaletwa Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo. Alikuwa amesoma elimu ya dini, akawa mwalimu wa chuo cha Kurani mjini Bagamoyo. Naomba msomaji asilipite neno hilo haraka. Mwalimu wa chuo katika Pwani ya wakati ule hakuwa mtu wa kuchezewa. Mzazi alimleta mtoto na kumkabidhi kwa mwalimu, na tangu siku ile mwalimu alikuwa na haki juu yake karibu sawa na baba. Mtoto alimchotea maji, alimkatia kuni, alimbusu mkono. Hata baada ya kukua na kuwa na watoto wake, akimkuta mwalimu njiani alivua viatu. Mtoro alipopanda meli kwenda Ulaya alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, naye alichukua mawazo hayo ya ualimu moyoni mwake kama vile mtu achukuavyo nguo zake katika sanduku.

Huko Berlin aliwakuta wanafunzi wa namna nyingine kabisa. Kijana aliyeketi mbele yake leo akijifunza kusema "karibu" na "asante" ndiye ambaye baada ya mwaka mmoja au miwili angekuwa mkuu wa boma, mwenye uwezo wa kumfunga au kumchapa viboko mtu kama Mtoro. Darasani mwalimu alikuwa juu, na nje ya mlango wa darasa alikuwa mtawaliwa. Sijui kama kuna mwalimu wa mazoezi aliyewahi kupewa darasa gumu kuliko hilo.

Mtoro alifanya yote ambayo kijana wetu wa kidato cha tatu angeyataka kwa mgeni. Aliizoea baridi ambayo hii yetu ya Sumbawanga ni mchezo kwake. Alijifunza Kijerumani. Aliishi katika mji mkubwa wa treni na moshi bila jamaa wala msikiti wa kwao. Akafanya kazi ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko hata kufundisha ngeli: alikaa chini akawaandikia wageni wale desturi za watu wake, ili wasijue maneno matupu yasiyo na watu ndani yake.

Alikuwa na jicho la kazi hiyo. Tayari alikuwa amesafiri kwenda Udoe, akiwa yeye mtu wa Pwani katika nchi ya bara, na kuandika aliyoyaona kwa Wadoe, mila zao na mwenendo wao; habari hiyo imo katika kitabu cha Safari za Wasuaheli kilichochapwa mwaka 1901. Mwaka 1903 kikachapwa mjini Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kwa Kiswahili, pamoja na tafsiri yake ya Kijerumani. Humo mna kuzaliwa kwa mtoto, kutiwa chuoni, jando, harusi, ngoma, pepo na uganga, safari za biashara za bara, utumwa, na sheria. Sehemu kubwa ni mkono wa Mtoro. Lakini juu ya jalada liliandikwa jina la Velten kuwa ndiye aliyezikusanya habari, na jina la Mtoro likabaki ndani, katika utangulizi. Ilibidi ifike mwaka 1981, ilipotolewa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen, ndipo Mtoro akatajwa kuwa mwenye kitabu. Hiyo ni miaka 78 ya kungoja.

Hapa nataka kuingiza neno kuhusu Ufipa yetu, ili vijana wasidhani habari hii ni ya mbali. Wajerumani walijenga boma Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg, na kutoka huko wakaitawala nchi hii ya juu. Lugha yao ya kazi katika maboma ilikuwa Kiswahili. Kiswahili cha serikali kilipanda mlima kuja Ufipa kwa vinywa vya askari, makarani na maofisa wa aina ile ile waliokuwa wakipita katika vyuo vya lugha vya Ujerumani. Na wakati Mtoro anawaeleza Wajerumani desturi za Pwani, huku kwetu Mfaransa, Askofu Lechaptois wa Karema, alikuwa anaziangalia desturi za Wafipa na majirani zao. Kitabu chake juu ya nchi za Tanganyika kilitoka mwaka 1913. Huyo naye alikuwa mgeni aliyejifunza. Ila tofauti yao ni kubwa. Askofu aliandika habari za wenyeji wake kwa ajili ya watu wa kwao, nalo jina lake likawa juu ya jalada. Mtoro aliandika habari za watu wake mwenyewe kwa ajili ya wenyeji waliompokea, na jina lake likawekwa ndani.

Turudi Berlin. Pamoja na juhudi zote hizo, heshima ya Mtoro darasani haikukaa imara. Walikuwamo wanafunzi ambao hawakuweza kulimeza jambo la kuongozwa na kusahihishwa na mtu mweusi, nao walilionyesha. Mtoro hakuwa mtu wa kunyamaza. Alidai aheshimiwe kama mwalimu. Wako watakaosema kwamba hapo ndipo alipokosea. Kwamba mgeni mwenye busara huinamisha kichwa maji yapite. Mimi sikubaliani nao. Mwalimu akiinamisha kichwa mara moja mbele ya darasa, kila mtu aliyewahi kushika chaki anajua kwamba hatakiinua tena.

Mwaka 1904 akamwoa binti wa Kijerumani, Bertha Hilske. Kwa sheria za Ujerumani yenyewe ndoa hiyo ilikuwa halali. Lakini minong'ono ilikuwa mingi, na mwaka uliofuata kazi yake ya chuoni ikakoma. Akaamua kurudi nyumbani pamoja na mkewe. Wakapanda meli, wakapita mfereji wa Suez, wakaiona pwani ya Afrika ya Mashariki. Hapo serikali ya kikoloni ikakataa wasishuke kama mume na mke. Mzungu mwanamke aliyeolewa na Mwafrika, akitembea katika njia za Bagamoyo mbele ya watu wote, angeuvunja ukuta ambao utawala ule ulikuwa umejengwa juu yake. Ilikuwa mwaka 1905, mwaka ule ule vita vya Maji Maji vilipoanza, na serikali haikuwa na subira.

Fikirini, ndugu zangu. Mtu yuko juu ya meli, anaiona minazi ya kwao. Anaisikia lugha yake kutoka kwa wapagazi wa bandarini, lugha ambayo kwa miaka mitano amekuwa akiwafundisha watu hao hao wanaomzuia. Angeweza kushuka peke yake. Hakushuka. Alibaki na mkewe, nao wakarudi Ujerumani.

Kwa hiyo alikuwa mgeni ugenini, na kwao pia akafanywa mgeni. Baada ya hapo aliishi kwa kuhangaika. Mwaka 1909 alipata tena kazi ya kufundisha Kiswahili, safari hii Hamburg, katika Chuo cha Mambo ya Makoloni kilichofunguliwa mwaka 1908, ambako Carl Meinhof, mtaalamu mashuhuri wa lugha za Kibantu, alikuwa profesa. Akadumu huko hata mwaka 1913, akaondoka. Alizunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara juu ya Afrika ya Mashariki na kuonyesha picha. Vita vya kwanza vya dunia vikaja, na nchi aliyozaliwa ikatoka mikononi mwa Wajerumani, ikawa Tanganyika chini ya Waingereza. Mtoro alifariki mjini Berlin mwaka 1927 bila kurudi Bagamoyo.

Sasa namrudia rafiki yangu wa kidato cha tatu. Umesema mgeni ajizoeze. Ni kweli, na mwalimu yule wa Pwani angeweza kuleta sweta, na angeweza kuuonja ugali wa ulezi mara ya pili, maana mara ya kwanza ulezi haumpendezi mtu yeyote asiyekulia juu yake. Lakini Mtoro alijizoeza kwa kila jambo. Alijifunza lugha yao, alivumilia baridi yao, aliwaandikia kitabu, alioa kwao. Lililobaki halikuwa mikononi mwake. Lilikuwa mikononi mwa wale vijana walioketi katika madawati, nao hawakulifanya.

Nanyi mlikuwa madawatini.

Sisemi kwamba ninyi ni sawa na maofisa wa Kijerumani. Hamkuwa na boma wala viboko, mlikuwa na kicheko tu na mwigizaji wa nyuma ya darasa. Nasema tu kwamba mwalimu wa mazoezi huja na madaftari yake, maandalio ya somo aliyoyaandika usiku kwa mwanga wa simu, na mkaguzi wa chuo anayeweza kuingia wakati wowote na kuketi kule nyuma karibu na huyo mwigizaji wenu. Hakuna siri kubwa katika kumsaidia mtu wa namna hiyo. Mmoja angemwazima koti. Mwingine angemwambia kwamba zile hadithi za usiku zilikuwa za uongo, na kwamba jina la Sumbawanga wazee hulieleza kuwa ni amri ya kuutupa uchawi, kwa maana hiyo mji huu ulipaswa kumtuliza mgeni badala ya kumtisha. Mngeweza pia kumfundisha jinsi wazee wa hapa wanavyosalimiwa, ili asipite mbele yao kwa "mambo vipi" halafu akashangaa kwa nini hajibiwi. Na kuhusu "nshawaeleza", mngemwuliza kwao husemaje maneno mengine, nanyi mngetoka katika kipindi kile na Kiswahili kingi zaidi ya kilichomo katika kitabu cha kiada.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wenzangu waliokuwa walimu watalielewa. Wavulana wale waliponiigizia mwalimu wao, waliigiza vizuri sana. Walikuwa wamelishika kila neno, mapigo ya sauti, hata namna alivyokuwa akishusha pumzi kabla ya kuanza sentensi. Kwa muda wa wiki zile chache walimsikiliza kwa makini kuliko walivyowahi kumsikiliza mwalimu yeyote. Yeye aliyekuwa amegeukia ubao hakujua.

Katika mkutano ujao, Mungu akijalia, nitakuja na nakala ya kitabu cha Mtoro, nami nitamwachia mwalimu wa maktaba. Atakayekichukua aanzie sehemu ya mtoto kutiwa chuoni, kwa sababu hapo mwandishi anaandika juu ya kazi yake mwenyewe. Nawaonya mapema kwamba Kiswahili chake ni cha Bagamoyo, cha mwaka 1903, na maneno mengi yatawasikika ya ajabu masikioni. Atakayeshindwa na neno asicheke kwanza. Aliandike katika karatasi, anipe kupitia kwa mhariri, tulitafute pamoja.